Chakula cha mchana chenye wanga kidogo kazini: kipi kimfae nani mwenye kisukari

Weka sahani mbili mbele yako. Ya kwanza ina wali gramu 200 na kipande cha kuku. Ya pili ina kuku yuleyule na kabichi ya kukaanga gramu 150. Sahani ya kwanza ina wanga wa gramu 56 hivi, ya pili haifiki gramu 10. Tofauti hiyo utaiona kwenye mashine ya kupima sukari kabla hujatoka kazini, na ndiyo maana wengi wanaoamua kupunguza wanga huanzia mlo wa mchana.

Ila chakula cha kazini kina masharti yake. Lazima kivumilie saa 4 au 5 tangu kitoke jikoni, kiliwe katika mapumziko mafupi, na kikushibishe mpaka jioni. Zaidi ya yote, kiendane na dawa unayotumia, kwa sababu mlo wa gramu 10 za wanga unaweza kumfaa mtu mmoja na kumwangusha mwenzake wa meza ya pili.

Takwimu za wanga katika makala haya ni za jumla, nyuzinyuzi zikiwemo, na ni makadirio ya kawaida kwa uzito uliotajwa. Tunaposema "wanga kidogo" tunamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku, kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu wa lishe. Ukigawa hizo kwa milo mitatu na kitafunio kimoja, mlo wa mchana unabaki na gramu 30 hadi 40. Wapo wanaoshuka hadi gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima. Huo ni mpango mwingine, wenye hatari zake, na haufai kuanzishwa bila daktari kujua.

Dawa kwanza, sahani baadaye

Kama unatumia metformin peke yake, au unadhibiti sukari kwa chakula na mazoezi tu, una uhuru mkubwa. Ni nadra metformin kushusha sukari kupita kiasi, hivyo milo yote itakayolinganishwa hapa chini iko wazi kwako.

Kundi la pili ni wanaotumia insulini au vidonge vya jamii ya sulfonilurea. Kwenye pakiti utakuta majina kama glibenclamide, gliclazide au glimepiride. Vidonge hivi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala wanga. Ukiondoa wali kwenye sahani na dozi ikabaki ileile, insulini inakosa sukari ya kufanyia kazi, na kufikia saa 9 au 10 alasiri unatoka jasho, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio na akili inavurugika. Anayechoma insulini ya mchanganyiko asubuhi ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu: sehemu yake ya muda wa kati huanza kufikia kilele kama saa 4 baada ya sindano na kuendelea, yaani mchana wenyewe. Mtu huyu asiruke mlo wa mchana, wala asipunguze wanga wake ghafla kabla ya kukubaliana na daktari dozi mpya.

Kundi la tatu linatumia dapagliflozin, empagliflozin au canagliflozin, dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Kupunguza wanga kwa kiasi kunawezekana. Kushuka chini kabisa ndiko kunakoongeza hatari ya ketoasidosisi, damu kujaa asidi, na safari hii sukari yenyewe inaweza kuwa chini ya 14 mmol/L (250 mg/dL), kwa hiyo mashine haikushtui. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi kwa mtu anayetumia dawa hizi ni sababu ya kwenda hospitali mara moja, hata namba ikionekana ya kawaida.

Wajawazito na wenye ugonjwa wa figo wapangiwe mlo na mtaalamu wa lishe. Parachichi, maharage na karanga vina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka sana huenda zisiimudu. Kiasi cha protini nacho hupimwa upya.

Milo sita ikiwekwa pamoja

| Mlo | Wanga | Protini | Unahitaji nini kazini |
|---|---|---|---|
| Saladi: kuku g 120, mboga mbichi g 200, nusu parachichi | g 15 (karibu nusu ni nyuzinyuzi) | g 40 | Friji au mfuko wa ubaridi |
| Mayai 3 ya kuchemsha, jibini g 30, tango na nyanya g 150 | g 8 | g 26 | Friji au mfuko wa ubaridi |
| Samaki wa kopo g 100 (baada ya kuchuja), kabichi mbichi g 100, karoti g 50 | g 11 | g 26 | Hakuna, mpaka kopo lifunguliwe |
| Mchuzi wa nyama g 90 na mboga, maharage yaliyoiva g 100 | g 32 | g 33 | Chupa ya kutunza joto au maikrowevu |
| Vipande 2 vya mkate na mayai 2 | g 30 | g 18 | Friji au mfuko wa ubaridi |
| Wali g 200, kuku g 90, mboga kidogo | g 60 | g 33 | Maikrowevu au chupa ya kutunza joto |

Ukisoma safu ya wanga peke yake utachagua mayai na kumaliza. Soma na protini, kisha tazama ulivyo navyo kazini, na uchaguzi utabadilika.

Saladi dhidi ya mayai: ushindani wa wenye friji

Saladi yenye kuku ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa mtu mwenye friji kazini. Ina ujazo, ina nyuzinyuzi, na gramu 40 za protini zinashikilia tumbo hadi jioni. Wanaoiacha baada ya wiki moja mara nyingi walikuwa wanakula majani na nyanya tu. Bakuli la majani bila kuku, samaki au mayai huwa na nishati ndogo mno. Saa 10 alasiri njaa inarudi na biskuti za ofisini zinaliwa zote. Pima nyama ya kupikwa gramu 100 hadi 120, ukubwa wa kiganja bila vidole na unene wake, na usipunguze mafuta ukafikiri unafanya jambo jema. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya zeituni au alizeti hakina wanga hata kidogo na kinachelewesha njaa.

Kosa la pili ni maji. Chumvi na siki huvuta maji kwenye tango na nyanya, na ukichanganya asubuhi, mchana unakuta supu baridi. Panga bakuli kwa tabaka: mchanganyiko wa mafuta na siki chini kabisa, juu yake karoti, pilipili hoho na kabichi, kisha kuku, halafu majani mwishoni yakiwa yamekaushwa vizuri kwa kitambaa safi. Tango na nyanya vikatwe dakika ile ya kula, au viwekwe kwenye kifuko chao. Funga, na usitikise mpaka wakati wa kula. Sosi tamu za chupa ziachwe dukani. Vijiko viwili vikubwa vinaweza kubeba sukari nyingi kuliko mboga zote zilizomo bakulini.

Mayai yanaishinda saladi kwa kasi: dakika 15 Jumapili jioni zinakupa mayai ya siku kadhaa. Yatie kwenye maji yanayochemka, hesabu dakika 10 hadi 12, kisha yahamishie mara moja kwenye maji baridi sana. Ukiyaacha kwenye maji ya moto, kiini kinazungukwa na rangi ya kijani na yanatoa harufu ya salfa, harufu ambayo ndiyo malalamiko makubwa ya wenzako ofisini. Yakiwa na maganda, kwenye friji yanakaa hadi wiki moja. Yakishamenywa, yaliwe siku hiyohiyo. Udhaifu wa mlo huu ni uchache wa mboga: tango na nyanya gramu 150 ni kidogo, na mtu anayeula kila siku huishia na choo kigumu. Ongeza kabichi au pilipili hoho mpaka mboga zifike gramu 250. Wanga utaongezeka kwa gramu 5 tu.

Kwa vyote viwili sheria ya joto ni moja. Chakula kilichopikwa kisikae kati ya nyuzijoto 5 na 60 kwa zaidi ya saa 2, na joto la hewa likizidi nyuzijoto 32, muda huo unapungua hadi saa 1. Kuku aliyepikwa alfajiri na kukaa kwenye mkoba mpaka saa 7 mchana amevuka mpaka huo mara kadhaa. Kuharisha na kutapika kwa mwenye kisukari ni jambo zito kuliko kwa wengine, kwa sababu sukari huyumba huku dawa tayari ikiwa mwilini. Kama friji haipo, mfuko wa ubaridi wenye vifuko viwili vya barafu, kimoja chini na kimoja juu ya chakula, hufanya kazi vizuri, mradi chakula kimeingia kikiwa tayari baridi kutoka kwenye friji ya nyumbani. Kifuko cha barafu hutunza ubaridi uliokwishapatikana. Hakiwezi kupoza chakula cha moto.

Usipokuwa na friji

Hapa samaki wa kopo hana mshindani. Anakaa kwenye droo kwa miezi, hana wanga, na kopo moja dogo linatosha mlo. Tofauti kubwa iko kwenye kile alichohifadhiwa ndani yake. Jodari wa kwenye maji ana nishati ndogo na ni mkavu, hivyo mwongezee mafuta au parachichi. Wa kwenye mafuta anashibisha zaidi. Wa kwenye mchuzi wa nyanya ndiye wa kukaguliwa, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huongeza sukari na unga wa kuzitisha mchuzi. Sadini zina faida ya ziada ya mafuta ya omega-3, na mifupa yake laini ni chanzo cha kalisi. Kwa mwenye shinikizo la damu, chuja maji ya chumvi na uchague kopo lenye chumvi ndogo kwenye lebo. Kopo likishafunguliwa, samaki aliwe au ahamishiwe kwenye bakuli na kuingia friji. Asirudishwe kwenye droo.

Kabichi na karoti ndizo mboga zinazofaa kuambatana naye, kwa kuwa zinavumilia joto la kawaida asubuhi nzima bila kulegea. Beba zikiwa nzima au vipande vikubwa, ukate wakati wa kula.

Soseji na nyama za kusindika huonekana kama mbadala wa haraka, maana nazo hazina wanga mwingi. Hatuzipendekezi kama mlo wa kila siku. Zina chumvi nyingi, mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwenye kisukari tayari ana moyo na mishipa inayohitaji kulindwa.

Maharage au mkate? Wanga ule ule, mashine inasema tofauti

Rudi kwenye jedwali. Mchuzi wenye maharage una gramu 32 za wanga, mkate na mayai una gramu 30. Kwa hesabu ni sawa, mwilini si sawa. Kwenye kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari, ambacho glukosi safi hupewa 100, mkate mweupe uko karibu 75 na maharage mekundu chini ya 30. Wanga wa maharage umefungwa ndani ya chembe ngumu zenye nyuzinyuzi, humeng'enywa polepole, na sehemu yake hufika utumbo mpana bila kuwa sukari kabisa. Ndiyo maana tungemwambia mtu asiyetaka kushuka chini sana aanzie kwenye mlo huu. Unapunguza nusu ya wanga wa sahani ya wali bila kuziba njia yote.

Gramu 100 za maharage yaliyoiva ni zaidi kidogo ya nusu kikombe cha mililita 250. Yapime angalau wiki ya kwanza, kwa sababu kijiko cha upawa kimoja cha ziada ni gramu nyingine 15 za wanga. Na usizitishe mchuzi kwa unga wala viazi: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano kinaongeza gramu 6, kiazi kidogo cha gramu 100 kinaongeza 20. Ponda kijiko kimoja cha maharage hayohayo ndani ya mchuzi, utakuwa mzito.

Chupa ya kutunza joto ina utaratibu wake. Ijaze maji yanayochemka, funga, iache dakika 10. Mwaga, kisha tia chakula kikiwa kinachemka na ukijaze karibu na mdomo. Chupa iliyojazwa nusu hupoteza joto haraka kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, na chakula kikishuka chini ya nyuzijoto 60 kabla ya mchana, umetengeneza mahali pazuri pa bakteria kukua. Ukifungua na mvuke hautoki, usile. Kwenye maikrowevu, koroga katikati ya muda na upashe mpaka chakula kichemke kote, siyo pembeni tu.

Mkate nao haujafungiwa nje. Badili namna ya kuula. Kipande kimoja cha gramu 30 kina wanga wa gramu 15 kikiwa cheupe na 12 hadi 13 kikiwa cha ngano isiyokobolewa. Wengi huamini mkate wa kahawia hauna madhara na hula vipande vinne. Vipande hivyo vina karibu gramu 50. Kula kipande kimoja bila cha kufunika, kiwe na mayai mawili au samaki juu yake na mboga pembeni. Hapo mlo mzima una gramu 20 hivi. Anayetaka kushika chakula mkononi anaweza kutumia jani la kabichi: lichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 hadi 2, lipoze, ondoa mshipa mnene wa katikati kwa kisu, kisha lifunge. Mshipa ukibaki, jani linavunjika na kilichomo kinamwagika.

Kwa mpenda wali, kuna njia mbili. Moja ni kupunguza: wali gramu 70, vijiko vinne hadi vitano vikubwa, ni gramu 20 za wanga. Nyingine ni koliflawa iliyokunwa, yenye gramu 5 tu kwa kila 100. Ikaange kwenye kikaango kikavu na kipana kwa dakika 4 hadi 5 bila kufunika. Ukifunika au ukiongeza maji inakuwa uji, na hapo ndipo watu wanapoikatia tamaa.

Kantini

Kwa anayekula kantini hakuna lebo wala mizani, kwa hiyo tumia sahani yenyewe: nusu mboga, robo nyama, samaki au mayai, robo wanga. Omba mboga mara mbili badala ya wali, na mchuzi uwekwe pembeni ili uone kama umezitishwa. Anza na mboga na nyama, wanga uje mwisho. Mpangilio huu peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo, ingawa kiasi kilichoko sahanini ndicho chenye uzito zaidi. Vyakula vilivyopakwa unga na kukaangwa vina wanga usiouona. Supu nzito pia.

Ukiweza, tembea dakika 10 mara baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kwenye damu, na muda huo mfupi unafaa zaidi ukifanywa baada ya mlo.

Vitafunio: je, unavihitaji?

Mtu mwenye kisukari halazimiki kula kila baada ya saa chache. Ushauri huo ulitokana na dawa zinazoshusha sukari, na kama hutumii dawa hizo na mlo wako wa mchana ulikuwa na protini ya kutosha, kuruka kitafunio ni sawa kabisa. Kama njaa inakuja kweli, linganisha hivi.

Lozi gramu 30 zina wanga wa gramu 6, zaidi ya nusu yake nyuzinyuzi. Karanga gramu 30 zina gramu 5 hadi 6. Korosho za uzito huohuo zina gramu 9 na nyuzinyuzi gramu 1 tu. Kwa hiyo lozi na karanga kwanza, korosho baadaye. Lakini tatizo halisi la vitafunio hivi ni mfuko ulio wazi kando ya kompyuta. Gramu 30 ni konzi moja isiyofurika, yenye kilokalori 170 hivi. Mfuko wa gramu 200 wa korosho ulioliwa bila kuangalia ni wanga wa gramu 60, sawa na ile sahani ya wali, na zaidi ya kilokalori 1,000. Pima konzi za wiki nzima nyumbani, kila moja kwenye kifuko chake, na mfuko mkubwa ubaki nyumbani. Epuka zilizopakwa unga au asali.

Mtindi unatofautiana kuliko watu wanavyofikiri. Mtindi mzito uliochujwa, usio na ladha, una gramu 6 za wanga na gramu 14 hivi za protini kwa gramu 150. Usiochujwa una gramu 7 hadi 10, na protini karibu nusu ya hiyo. Ule wenye ladha ya matunda mara nyingi hupita gramu 20, na maneno "mafuta kidogo" kwenye kikopo hayapunguzi sukari. Mara nyingine sukari ndiyo imeziba pengo la mafuta. Uchukue usio na ladha na uongeze mwenyewe matunda gramu 50.

Tunda zima ni bora kuliko juisi, siku zote. Stroberi gramu 100 zina gramu 8 za wanga, chungwa la wastani 15, tufaha la wastani 25, ndizi ya wastani 27. Zabibu kavu gramu 30, konzi ndogo tu, zina 24. Nusu tufaha na kijiko kikubwa cha siagi ya karanga isiyo na sukari ni kitafunio kizuri chenye gramu 16 hivi.

Jibini gramu 30 au yai moja havifiki gramu 1 ya wanga. Vinafaa sana, ila jibini ina chumvi na mafuta mazito, kwa hiyo kipande kimoja kwa siku kinatosha.

Kuhusu biskuti zinazouzwa kwa jina la wenye kisukari, msimamo wetu ni wazi: usizinunue. Sukari imeondolewa, unga umebaki, na unga ndio wanga. Biskuti tatu za aina hiyo zinaweza kuwa na gramu 18 hadi 20. Nyingi zimetiwa maltitoli, kitamu ambacho hupandisha sukari ya damu, japo pungufu kuliko sukari ya kawaida, na kikiliwa kingi hujaza tumbo gesi na kuharisha. Kwenye lebo, usisome mstari wa sukari peke yake. Soma mstari wa wanga wote, kisha angalia kama namba ni ya gramu 100 au ya kipimo kimoja, na kipimo hicho ni biskuti ngapi. Jambo moja linalowachanganya wengi: lebo za Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, za Ulaya huziweka kando. Ukitoa nyuzinyuzi kwenye namba ya lebo ya Ulaya, umezitoa mara mbili.

Vinywaji viingie kwenye hesabu pia. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili vidogo vya sukari kila kimoja ni gramu 24. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 ni 12. Juisi ya chungwa ya kiasi hicho ni 26, hata kama imekamuliwa mbele yako.

Kitafunio si dawa ya sukari iliyoshuka

Anayetumia insulini au sulfonilurea awe na kifuko cha pili kwenye droo, kisichohusiana na njaa. Lozi, jibini na mayai haviwezi kuinua sukari iliyoanguka. Chokoleti pia haifai, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), chukua gramu 15 za sukari ya haraka: vidonge 4 vya glukosi vya gramu 4 kila kimoja, au vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, au juisi mililita 150. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Soda isiyo na sukari haisaidii chochote hapa. Anayetumia acarbose pamoja na dawa hizo aweke glukosi yenyewe, kwa kuwa acarbose huzuia sukari ya mezani isivunjwevunjwe kwa haraka. Mwenzako mmoja ajue kifuko kilipo, na ajue pia kwamba ukipoteza fahamu asikutie kitu chochote mdomoni. Aite gari la wagonjwa.

Linganisha kwa mashine yako

Miili miwili hula mlo mmoja na kutoa namba tofauti, kwa hiyo jedwali letu likupe pa kuanzia, na mashine ikamilishe. Chagua milo miwili unayoweza kuishi nayo. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke, maana utomvu wa tunda kwenye kidole huipa mashine namba ya juu ya uongo. Pima kabla ya kula, kisha saa 2 tangu ulipoanza kula. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L (80 hadi 130 mg/dL) kabla ya mlo na chini ya 10.0 (180) baada yake, isipokuwa daktari wako amekupa lengo lingine. Rudia kila mlo siku tatu tofauti, kiasi kilekile, na uandike ulichokula, ulichotembea na saa ya dawa. Siku moja haitoshi, kwa sababu usingizi mbaya au msongo wa mawazo peke yake huweza kupandisha namba.

Ukila mlo wenye mafuta na protini nyingi huku ukitumia insulini, ongeza kipimo kimoja saa 4 baada ya kula. Mafuta huchelewesha mlo tumboni, na sukari inayoonekana tulivu baada ya saa 2 inaweza kuanza kupanda wakati uko njiani kurudi nyumbani. Namba hiyo ya saa 4 baada ya kula ndiyo ya kumpelekea daktari anapopanga dozi.